Mpira wa haidroliki ukipasuka palepale mara tatu, usiulaumu mpira

Swali: "Mtaalamu habari za kazi. Nina bekho (ile mashine ya kuchimba yenye baketi mbele na nyuma), mpira mmoja unaoenda kwenye silinda ya baketi ya nyuma umeshapasuka mara tatu ndani ya miezi saba, na kila mara ni karibu na kichwa, kama sentimita mbili tatu toka kwenye kola, kile chuma kinachobana mpira kwenye kichwa. Ni wa inchi nusu, waya mbili, yaani una tabaka mbili za waya ndani ya raba. Fundi anasema mipira ya siku hizi ni feki, tufunge wa waya nne tumalize kazi. Wakati huohuo kuna mwingine umeanza kutoa jasho la mafuta, opereta kaupapasa na mkono akasema ni kidogo tu, tuzungushie raba na klempu isogee mpaka mwisho wa mwezi. Ni sawa? Na hii mipira inatakiwa ikaguliwe vipi, kila baada ya muda gani?"

Jibu: Salama kaka, na asante kwa kueleza umepasuka wapi, maana wengi wananiandikia "mpira unapasuka nifanyeje" basi, hapo hata mganga hawezi kukusaidia. Hizo sentimita mbili tatu toka kwenye kola ndo zimenipa karibu jibu zima.

Lakini kabla ya mpira naanza na opereta wako. Mwambie leo, sio kesho, asiguse tena mpira unaovuja kwa mkono mashine ikiwa inawaka au presha ikiwa bado imo ndani. Mafuta yakitoka kwenye tundu dogo kama la sindano huwezi hata kuyaona vizuri, unaona ukungu tu au mng'ao, na yanatoka kwa kasi ya kupenya ngozi. Presha ya kama baa 7 tu (baa ni kipimo cha presha) inatosha kupitisha mafuta kwenye ngozi, na mashine yako inafanya kazi kwenye baa mia mbili na kitu, kwahiyo fanya hesabu mwenyewe. Glavu haizuii. Na kibaya zaidi, mtu akichomwa haumwi sana mwanzoni, anaona kidoa kidogo kama kachomwa na mwiba, anafuta na kitambaa anaendelea na kazi, huku mafuta yameshasambaa kwenye kidole mpaka kiganjani yanaua nyama toka ndani. Baada ya masaa machache mkono unavimba na hapo ndo watu wanapoteza vidole au mkono mzima. Ikitokea, hospitali moja kwa moja hata kama kidonda hakionekani, na mkifika mseme wazi kwamba ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa presha, mtaje na aina ya mafuta, kwa sababu daktari asiyejua anaweza akasafisha juu akaweka plasta akakurudisha nyumbani wakati hiyo ni kesi ya upasuaji wa haraka. Msikande, msiweke maji ya moto.

Mvujo unautafuta kwa kipande cha boksi au ubao, unaupitisha taratibu pembeni ya mpira ukiwa umesimama mbali, boksi likilowa au likitoboka umeshapajua. Ukimaliza zima mashine ndo usogee.

Na raba na klempu hapana. Sisemi hapana ya kitabuni, nasema hapana kwa sababu haifanyi kazi, ile presha inapita chini ya raba kama haipo, unachokuwa umefanya ni kulificha tundu usilione likikua. Alafu ukungu wa mafuta ukirushwa kwenye ekzosi ya moto unashika moto, na mashine ikiwaka namna hiyo hamna muda wa kutafuta mtungi wa kuzimia moto.

Sasa huo unaotoa jasho, inategemea jasho linatoka wapi. Futa kichwa chote kikauke kabisa, nyunyiza unga wa chaki ukiwa nao, fanya kazi dakika kumi, shusha baketi chini, zima, angalia. Kama unyevu unaanzia kwenye nati, yaani pale kichwa kinapoungana na silinda au valvu, hiyo sio kesi ya mpira, ni oringi (kile kipete cha raba cha kuziba) imekufa au nati imelegea au koni, ile ncha iliyochongoka ya kichwa, ina mkwaruzo. Badilisha oringi, kaza kwa kipimo, usikaze kwa hasira, maana kichwa cha koni ukikikaza kupita kiasi kinapasuka au kinabonyea na ndo kitavuja milele. Lakini kama unyevu unatokea nyuma, pale mpira unapoingia kwenye kola, huo mpira umeisha. Hauna dawa. Hakuna kuubana tena kwenye mashine ya kukrimpu "kidogo tu", waya wa ndani umeshalegea na ukiubana mara ya pili unakata kinachobaki. Siku moja utachomoka mzima, na mpira uliochomoka ukiwa na presha unapiga kama mjeledi.

Haya tuje kwenye huo wa mara tatu. Fundi wako anasema feki. Inawezekana, mipira mibovu ipo. Ila angalia hesabu: mpira wa inchi nusu wa waya mbili, ule ulioandikwa 2SN, presha yake ya kazi ni baa 275, na mipira hii inatengenezwa ipasuke kwenye mara nne ya hiyo, yaani kwenye baa 1,100 huko. Mashine yako haifiki huko hata ikigoma. Kwahiyo mpira mpya mzima haupasuki kwa sababu umezidiwa nguvu, unapasuka kwa sababu kuna kitu kinauchosha sehemu moja, na kitu hicho hakiondoki kwa kubadilisha mpira, kinamsubiri mwenzake. Mipira mitatu, pengine ya maduka tofauti, yote ife kwenye sentimita zilezile? Feki haiwi na shabaha namna hiyo.

Mpira ukifa karibu na kola, washukiwa ni watatu na mara nyingi wanafanya kazi pamoja: kona inaanzia palepale kwenye kola, mpira umesokotwa, au mpira ni mfupi. Na nikuulize, ile mipira mitatu ya zamani iko wapi? Kama mmeitupa mmetupa ushahidi. Kama upo hata mmoja, uchane kwa urefu na kisu kikali uangalie ndani na nje. Mimi mpira uliopasuka nauchunguza kabla hata sijaenda kununua mwingine, dakika tano tu. Waya zikiwa na kutu, ujue ganda la nje lilikatika siku nyingi maji yakaingia, kwahiyo tatizo ni msuguano. Ndani ukiwa mgumu una nyufa kama udongo uliokauka, hilo ni joto. Ganda limevimba limelainika kama limepikwa, kuna mafuta au kemikali isiyopatana na ile raba. Umepasuka upande wa nje wa kona, kona ni kali mno. Na kama kichwa kimechomoka kikaacha ncha ya mpira ikiwa nzima imekatika sawasawa, huyo ni mbana kichwa, hakuuingiza mpira mpaka mwisho au hakubana kwa kipimo. Kila mpira unakuja na jina la muuaji wake, sema watu hawasomi.

Kona. Mpira wa 2SN wa inchi nusu haukunjwi kwa nusu kipenyo cha chini ya milimita 180, yaani ukiuzungusha uwe duara, duara hilo lisipungue upana wa sentimita 36. Ukienda chini ya hapo waya za upande wa nje zinavutwa, za ndani zinarundikana, na kila presha ikipanda mpira unajaribu kunyooka. Alafu kuna kanuni ndogo ambayo ndo inavunjwa kuliko zote: mpira ukitoka kwenye kola unatakiwa uende moja kwa moja kwanza kabla ya kuanza kupinda, mimi naacha angalau mara mbili ya unene wa mpira wenyewe. Kola ni chuma, haikunjiki, mpira unakunjika, pale vinapokutana ndo waya zinakatika mojamoja kama unavyokunja na kukunjua waya wa uzio mpaka ukatike.

Na hapa ndo wazo la waya nne linageuka kuwa baya. Wa waya nne, ule wa 4SP wa inchi nusu, kweli unabeba baa 415, lakini kona yake ya chini ni milimita 230. Ni mnene zaidi, mgumu zaidi, unataka nafasi zaidi. Kama shida yako ni nafasi ndogo, unamchukua mtu mnene unamkalisha kwenye kiti ambacho mwembamba kilimshinda. Utapasuka, au ukikataa kupasuka utahamishia mzigo kwenye kichwa cha silinda ukilegeze. Kama kweli nafasi ni finyu, uliza mpira wa waya mbili wa aina nyembamba, ulioandikwa 2SC: presha ileile ya baa 275 kwa inchi nusu lakini unakubali kona ya milimita 130. Au weka kichwa cha nyuzi 45 au 90 ili kona ifanywe na chuma badala ya mpira. Hivyo viwili vinatatua, waya nne inaongeza bei tu.

Kusokotwa sasa. Kwenye mpira kuna mstari wa maandishi unaotembea kwa urefu wote. Huo mstari wengi wanaudhani ni matangazo ya kampuni, kumbe ndo rula yako. Mpira ukishafungwa, ufuate huo mstari toka kichwa hadi kichwa: ukiwa umenyooka poa, ukiwa unazunguka kama kamba ya mkokoteni mpira umesokotwa, ufungue uufunge upya. Mpira uliosokotwa ukiingia presha unataka kujifungua, kwahiyo ama unalegeza nati ama unavunja waya karibu na kola. Karibu na kola, unaona tunarudi palepale.

Usokotaji unatoka wapi? Mara nyingi kwenye spana moja. Mtu anakaza nati, mpira unazunguka nayo, yeye anaona kimekaza anaondoka. Shika mwili wa kichwa kwa spana moja, kaza nati kwa ya pili, ndo maana pale nyuma kuna sehemu ya kushikia. Chanzo cha pili ni pale vichwa vyote viwili vikiwa vya kona: vile vichwa lazima vibanwe vikiwa vinaangaliana kwa pembe inayotakiwa, na kama mbana vichwa hakupewa ile pembe akabana anavyojua, wewe huku unalazimisha mpira uingie unausokota. Kabla hujatoa mpira wa zamani piga picha, weka alama, na ukienda kutengenezesha beba ule wa zamani, usibebe vipimo kichwani.

Chanzo cha tatu ndo ninachokishuku kwenye bekho yako. Mkono wa nyuma unafanya mambo mawili, unakunja na kukunjua, na pia unazunguka kushoto kulia. Mpira unatakiwa upinde kwenye uelekeo mmoja tu. Kama kulikuwa na klempu ya kutenganisha sehemu ya mpira inayozunguka na ile inayokunja, na klempu hiyo ikang'oka zamani watu wakaona haina kazi, basi mpira mmoja unabeba miondoko yote miwili na kila baketi ikienda na kurudi unajisokota na kujisokotoa. Nenda kaangalie kama kuna tundu la boliti tupu kwenye ule mkono, au kibati chenye alama ya klempu bila klempu. Nimeshaona hii zaidi ya mara moja, boliti moja na kipande cha plastiki vimekosekana, mtu ananunua mipira kama njugu. Na mimi mwenyewe nikiwa bado najifunza niliwahi kufunga mpira bila kurudisha klempu kwa sababu ilikuwa jioni na boliti lilikatikia ndani, nikasema nitarudi, sikurudi, mpira ukarudi wenyewe baada ya wiki kadhaa ukiwa umekatika.

Urefu nao. Mpira ukiingia presha haubaki na urefu uleule, unaweza kurefuka kama asilimia 2 au kufupika mpaka asilimia 4. Kwenye mpira wa mita moja hiyo ni sentimita 4 za kufupika, kwahiyo mpira uliofungwa ukiwa umevutika kama kamba ya gitaa unavuta kichwa chake wenyewe kila opereta akigusa wenzo. Mafundi wengi wanakata mfupi ili kubana gharama au kwa sababu kipande kilichobaki ndo kilikuwa hivyo. Fungua mkono wote mpaka mwisho, ukunje wote mpaka mwisho, zungusha kushoto kulia, mtu mwingine asimame pembeni mbali salama aangalie mpira unapita wapi. Hapo ndo utaona unavutika, unabanwa, au unasugua chuma. Mashine ikiwa imesimama kila mpira unaonekana uko sawa.

Kabla hujafungua kitu chochote, toa presha. Mashine iwe sehemu tambarare, baketi zote mbili ziwe chini ardhini, na kama lazima mikono ya mbele ibaki juu basi weka kile chuma cha kuizuia, usiamini mafuta kukushikia tani juu ya kichwa. Zima injini, sukuma wenzo wote pande zote mara kadhaa, kama mashine ina wenzo za umeme basi switchi iwe on wakati unafanya hivyo, fungua mfuniko wa tenki pumzi itoke. Alafu nati unalegeza kidogo tu unasubiri, uso ukiwa pembeni. Mashine zenye ule mtungi wa gesi ya naitrojeni wa kutuliza mtikisiko zinabaki na presha hata zikizimwa muda mrefu, hizo soma kitabu chake kwanza. Na mafuta yakiwa yametoka kazini yanaunguza, yape muda.

Upande wa kutengenezesha mpira simama pale uangalie, usiende kunywa chai. Soma maandishi: aina, ukubwa, presha, tarehe. Mpira ukikatwa kwa diski unajaa unga mweusi wa raba na vipande vya chuma ndani, na kupuliza kwa upepo peke yake hakutoshi, sehemu nzuri wanarusha kile kisponji kinachopita ndani kinasukuma uchafu, wanarudia upande wa pili. Ule uchafu ukibaki unaenda moja kwa moja kwenye valvu na sili za silinda, na huko gharama yake mpira hauioni ndani. Aweke alama kwenye mpira ya kina cha kuingia kichwa kabla hajabana, na akishabana apime unene wa kola kwa kalipa (kile kipimo cha kubania) alinganishe na jedwali la mtengenezaji wa kichwa na mpira huo. Kama hana jedwali, anabana kwa macho, tafuta mwingine. Na vichwa vya kampuni moja kwenye mpira wa kampuni nyingine ni kamari, vinaweza kukaa vizuri au visikae, vipimo vinatofautiana kidogo na hicho kidogo ndo kila kitu.

Angalia pia nyuzi za nati. M22 (milimita 22) yenye nafasi ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, na ile ya inchi 7/8 yenye koni ya digrii 37, zinakaribiana unene kiasi kwamba moja inaanza kuingia kwenye nyingine mizunguko miwili mitatu ndo inakwama, na mtu mwenye nguvu anamalizia kwa bomba kwenye spana. Ikikataa kuingia kwa vidole, simama upime.

Umeuliza ukaguzi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, opereta azunguke mashine, dakika kumi, macho na tochi bila kushika: madoa mapya chini, mpira wenye unyevu, vumbi lililoganda na mafuta sehemu moja (mahali pakavu pana vumbi kavu, mahali panapovuja pana tope jeusi, hiyo ni alama rahisi kuliko zote), mpira unaogusa chuma au mpira mwenzake. Mpira na mpira vikisuguana vinatoboana vyote viwili, watu wanafikiri raba kwa raba hamna shida. Alafu kila sevisi ya masaa 250 ukaguzi wa kweli, mashine imezimwa, imeoshwa, presha imetolewa, hapo sasa unashika. Kunja kidogo kwa mkono: nyufa zikifunguka, mpira ukiwa mkavu kama ubao, ondoa. Ukikuta uvimbe kama lengelenge, usilitoboe, mafuta yameshatoboa raba ya ndani yako chini ya ganda, ondoa. Waya zikionekana, ondoa, hata kama hauvuji. Umebonyea au umekunjika ukabaki na alama, ondoa. Ganda likiwa limechubuka lakini waya hazijaonekana, hapo nakuruhusu uendelee ila tafuta kinachosugua, kisogeze au vika mpira soksi ya nailoni, na ukaangalie tena wiki ijayo.

Ujanja wangu mmoja: mpira mpya ukishafungwa, piga mstari mdogo wa rangi unaopita toka kwenye kola mpaka kwenye mpira. Kola ikianza kuteleza ule mstari unaachana, unaona kabla haijachomoka. Rangi kidogo tu lakini, usipake mpira mzima kama wale wanaopaka mashine rangi ya kuuza, wanaficha maandishi na nyufa kwa pamoja.

Usisahau mipira ambayo haina presha kubwa. Ule wa kunyonya toka tenki kwenda pampu hautapasuka, utanyonya hewa. Mafuta yanakuwa na povu, pampu inapiga kelele kama imemeza kokoto, mikono inatembea kwa kusitasita, watu wanabadilisha pampu kumbe ni klempu ya mpira wa kunyonya imelegea au mpira wenyewe umelainika unajibana. Na kuna mpira ambao nje ni mzuri kabisa lakini raba ya ndani imebanduka, kipande kinalala kama mlango, mafuta yanapita upande mmoja vizuri upande wa pili kwa shida. Silinda inaenda haraka inarudi taratibu, au mafuta yanachemka bila sababu. Ukishacheki valvu na sili na hujaona kitu, kumbuka hilo.

Joto linakula mipira kimyakimya. Mingi ya kawaida mwisho wake ni nyuzi joto 100 za mafuta, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya kiwango zinakata maisha ya mpira nusu. Kwahiyo mipira yako yote ikianza kukauka kwa pamoja, angalia rejeta ya mafuta kama imejaa vumbi, kabla ya kuagiza mipira kumi.

Umri sasa. Tarehe imeandikwa kwenye mpira, mara nyingi kwa robo ya mwaka, 3Q21 ni robo ya tatu ya 2021. Kiwango cha Kijerumani cha DIN 20066 kinaweka miaka 6 kwa mpira uliokwisha kuwekwa vichwa, na ndani ya hiyo isizidi 2 ya kukaa stoo. Wamarekani wa SAE (chama cha wahandisi) wanaruhusu mpira wa rola, ambao bado haujakatwa wala kuwekwa vichwa, kukaa stoo mpaka miaka 10 ukihifadhiwa vizuri. Kwa mashine inayochimba kila siku hiyo sita mimi naiona ni ya juu, kwa mipira inayojikunja sana kama wa baketi sisubiri ifike, ila usiibadilishe yote kwa kalenda tu kama pesa ni ya mawazo, anza na ile ambayo ikipasuka mzigo unamwangukia mtu au inarusha mafuta karibu na opereta na ekzosi. Mipira ya akiba iweke gizani, pakavu, imezibwa vichwa, isining'inizwe kwenye msumari, na mbali na mota za umeme kwa sababu ozoni inapasua raba.

Kwahiyo wewe fanya hivi. Huo wenye jasho, pima kama nilivyosema, ukiwa ni wa kwenye kola mashine isifanye kazi mpaka ubadilishwe. Huo wa baketi, usinunue kitu bado. Tafuta klempu iliyopotea, fuata mstari wa maandishi, pima urefu mkono ukiwa umefunguka wote na ukiwa umekunjwa wote, piga picha za kichwa cha chini na cha juu. Funga 2SN au 2SC kutegemea kona utakayoikuta, urefu wenye nafasi, spana mbili. Ukimaliza ongeza mafuta kwanza ndo uwashe, endesha silinda taratibu mwendo mzima mara kadhaa bila mzigo hewa itoke, rudi kwenye tenki uangalie usawa tena, na kwa sababu umepasuka mara tatu na uchafu umeshaingia mara tatu, badilisha na filta ya haidroliki. Kesho yake asubuhi kagua zile nati kwa spana mashine ikiwa imezimwa na presha imetolewa.

Picha ukishapiga nitumie, hasa ile ya kichwa cha upande wa silinda mkono ukiwa umekunjwa mwisho, nina wasiwasi kile kichwa ni cha kunyooka na kilitakiwa kiwe cha nyuzi 45.